Nasaba ya Mkulima na Isale la Mpaka

(Hotuba ya karani mmoja wa Uchaga, iliyosomwa mbele ya wazee, walimu na watu wengine)



Nimetakiwa niseme maneno machache juu ya kutafuta na kuandika habari za ukoo. Mimi si mzee, wala si mwalimu. Ni karani, na kazi ya karani ni kuandika maneno ya watu wengine. Lakini safari moja kazi hiyo ilinirudisha nyumbani kwetu, nikaandika maneno ya watu wangu mwenyewe, nikakuta humo mambo ambayo sikuyatazamia. Baba yangu amenipa ruhusa kuyasimulia, kwa sharti kwamba nisitaje majina ya watu wetu wala jina la mtaa wetu. Basi nitawataja kwa udugu wao tu.

Watu wengi hudhani kwamba nasaba ni mali ya Wamangi peke yao. Ni kweli kwamba habari za Wamangi zimeandikwa zaidi. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu aliyefariki mwaka 1927, alijaza madaftari kwa habari za watawala wa Uchaga. Mchungaji Bruno Gutmann, aliyekaa miaka mingi Moshi ya zamani, aliandika vitabu vinene juu ya sheria na desturi za Wachaga. Naye Charles Dundas, aliyekuwa mtawala Moshi baada ya vita, alipiga chapa kitabu chake juu ya Kilimanjaro na watu wake mwaka 1924. Lakini mkulima asiye na cheo, mwenye migomba yake na mbuzi wake wachache, ni nani aliyemwandika? Habari zake zimo vinywani mwa wazee tu, na siku mzee azikwapo, habari huzikwa pamoja naye.

Kiswahili kinatupa maneno ya kuhesabia vizazi vishukavyo: mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na kilembwekeza. Lakini mwulize mtu apande juu. Atamtaja baba, atamtaja babu, pengine atamtaja na baba wa babu, kisha atasema, "Na wengine ni wazee wa zamani." Hapo ndipo giza lianzapo; na katika giza kila mtu huweza kuweka kitu apendacho.

Sasa nitaeleza jinsi nilivyoanza. Sikuanza kwa kupenda elimu. Nilianza kwa sababu ya shauri la ardhi.

Kwa ajili ya wageni waliomo humu, yafaa nieleze kwanza kihamba ni nini. Kihamba ni shamba la migomba lizungukalo nyumba ya Mchaga, ambalo baba humrithisha mwana. Maji hufika humo kwa mifereji iliyochimbwa na wazee kutoka mitoni juu mlimani. Mpaka wake hupandwa isale, mmea wa majani marefu ya kijani usiokufa upesi. Wafu wa nyumba huzikwa humo humo. Kwa hiyo Mchaga asimamapo katika kihamba chake, nasaba yake iko chini ya miguu yake. Tena kwa desturi mwana wa kwanza hupewa mahali pake, na kitinda mimba hurithi nyumba ya baba. Lakini wana wa katikati huambiwa wajitafutie.

Zamani jambo hilo halikuleta matata makubwa, maana palikuwa na mahali patupu pa kufyeka. Kisha ikaja kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kulinda kilimo cha kahawa, na mwaka 1933 ukaundwa ule ushirika mkubwa ujulikanao kwa jina la K.N.C.U. Fedha iliingia, watoto wakasoma, nyumba za bati zikajengwa. Hayo yote ni mema. Lakini mti wa kahawa hukaa ardhini miaka mingi, na kipande cha nchi ambacho zamani mtu alipewa kwa mtungi wa mbege, sasa hakikupatikana hata kwa ng'ombe. Ndugu na majirani wakaanza kutazamana kwa macho ya mpaka.

Nasi tulikuwa na jirani. Baba yake huyo jirani alikuwa mtu wa Upare aliyefika huku katika kazi ya reli, ile iliyofika Moshi mwaka 1911. Alipatwa na homa, wenzake wakamwacha, naye akapanda mlimani akitafuta ubaridi na chakula. Babu yangu alimpokea, akamlaza nyumbani, na alipopona akampa pembe moja ya kihamba, akapanda masale ya mpaka kwa mkono wake mwenyewe. Mpare yule alioa huku, akazaa huku, akafa huku. Mwanawe akapanda kahawa katika pembe ile, na kahawa ikazaa vizuri kuliko yetu.

Babu alipokwisha kufariki, baba yangu na baba zangu wadogo wakaanza kusema kwamba pembe ile haikutolewa, bali iliazimwa tu. Kwamba mtu wa kuja hana isale. Na kwamba sisi ndio wenye mlima tangu asili. Jioni moja baba akaniita, akasema, "Mwanangu, tulikupeleka shuleni ili upate kalamu. Sasa itumie kwa ajili ya ukoo wako. Andika majina ya wazee wetu toka wa kwanza aliyefyeka hapa hata mimi, ili tukasimame barazani tuwe na neno. Mwacha asili ni mtumwa."

Nikatii. Nikachukua daftari, nikaketi naye, naye akanitajia majina saba bila kusitasita. Wa kwanza alikuwa mwinda tembo aliyetoka Ukambani, kama koo nyingi za Uchaga zisemavyo kwamba mkubwa wao alitoka Ukambani, au Usambara, au Taita, au kwa Wamasai. Wa sita alikuwa baba wa babu, mtu mashuhuri katika nyumba yetu, maana yeye ndiye aliyeongeza mkono wa mfereji uletao maji mpaka sasa. Wa saba alikuwa babu. Kazi ilikuwa imekwisha kwa usiku mmoja, nami ningaliweza kunakili majina yale kwa mwandiko mzuri na kulala.

Lakini ukarani umenifundisha kwamba karatasi yenye majina tu hukatwa kwa swali moja: "Ni lini?" Basi nikataka kuweka miaka kando ya majina, angalau ya wale wa karibu.

Nawaeleza ninyi, hasa walimu, njia niliyoitumia, maana kila mtu aweza kuitumia. Usimwulize mzee, "Ulizaliwa mwaka gani?" Atakujibu neno lo lote ili kukuridhisha. Mwulize, "Lilipotokea jambo fulani, wewe ulikuwa na kimo gani? Ulikuwa mgongoni, au ulichunga mbuzi, au ulikuwa umekwisha kutahiriwa? Ulitahiriwa pamoja na rika gani?" Kisha uchukue mambo ambayo miaka yake imeandikwa, uyafanye kuwa vigingi vya kufungia kamba. Huku kwetu vigingi ni hivi. Mei 1848, Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro. Mwaka 1885 wamisheni wa kwanza wa Kiingereza walikaa Moshi kwa Mangi Rindi. Februari 1891, Wissmann alimshinda Mangi Sina wa Kibosho, na mwaka huo huo Rindi alifariki, na ng'ombe wakafa kwa sotoka. Juni 1892, Wadachi walishindwa Moshi na mkubwa wao von Bülow akauawa. Na Agosti 1893 walirudi na nguvu kubwa wakaishinda Moshi. Mwaka 1898 ilianza kodi ya nyumba. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi na Molelia wa Kibosho walinyongwa pamoja na wenzao. Mwaka 1911 ilifika reli. Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi. Na mwaka 1918 ukaja ugonjwa mkali wa mafua uliozunguka dunia. Mzee asiyejua hesabu hata kidogo hawezi kusahau alikuwa wapi siku ya mambo kama hayo.

Jambo la pili: usiwaulize wazee wawili pamoja. Yule wa pili ataitikia maneno ya wa kwanza kwa ajili ya heshima, nawe utaandika ushahidi wa mtu mmoja ukidhani ni wa wawili.

Basi nikazunguka nyumba hata nyumba. Nilipofunga kamba katika vigingi, ikanyoka vizuri mpaka ilipofika kwa babu, hapo ikakataa. Watu wote wa ukoo walijua, na kulisimulia kwa kicheko, kwamba baba wa babu alimwoa mama wa babu kwa mbuzi na majembe, kwa sababu mwaka ule ng'ombe wote walikuwa wamekufa kwa sotoka. Huo ni mwaka 1891. Tena watu wote walijua, na kulisimulia kwa majivuno, kwamba babu alipokuwa kijana wa kuchunga mbuzi aliwapelekea ndizi wapigana vita wa Moshi siku ile alipouawa von Bülow. Huo ni mwaka 1892. Nikatazama karatasi yangu. Mtoto aliyezaliwa baada ya arusi ile angalikuwa mgongoni mwa mama yake siku ya vita, hangaliweza kubeba mkungu wa ndizi. Hadithi zote mbili nilikuwa nimezisikia tangu utotoni, wala sikupata kuziweka kando kwa kando.

Nikafikiri pengine hadithi moja imepotoka, nikatafuta ushahidi mwingine. Kwa desturi yetu mwana wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake. Mwana wa kwanza wa babu alikuwa kaka wa baba yangu. Alichukuliwa kuwa mpagazi katika vita vya 1914, asirudi. Jina lake halikuwa jina la yule baba wa babu niliyeandikiwa. Wala halikuwamo kabisa katika majina yale saba. Nilipomwuliza baba sababu, alisema, "Sijui. Lilikuwa jina tu."

Nikaenda misheni, nikaomba nifunguliwe kitabu cha ubatizo. Wamisheni wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na vitabu vyao viliandikwa kwa uangalifu. Babu alibatizwa akiwa mtu mzima, miaka michache kabla ya vita. Nikaliona jina lake, na kando yake jina la baba yake kama alivyolitaja mwenyewe. Lilikuwa lile jina la mwanawe aliyepotea vitani.

Nikakumbuka na jambo la tatu, ambalo nalo nilikuwa nikiliona tangu utoto pasipo kulifikiri. Nyumba yetu ichinjapo mnyama, nyama hugawanywa kwa daraja, mkubwa kwanza na mdogo baadaye, kila mtu na kipande chake. Anayejua kuzitazama nyama hujua nasaba ya watu waliopo. Babu alikuwa na ndugu mmoja mdogo, tumbo moja, aliyezaliwa baada ya ile arusi. Na kila mara kipande cha heshima kilipelekwa kwanza kwa yule mdogo, ndipo babu akapewa chake. Nilipokuwa mtoto niliuliza, nikaambiwa, "Ndiyo desturi." Neno hilo "ndiyo desturi", ndugu zangu, mara nyingi ni mlango uliofungwa; na mtafuta nasaba hana budi abishe hodi.

Nikaenda kwa shangazi yangu, binti ya babu. Ajabu ni kwamba katika kuzunguka kwangu kote sikuwa nimemwuliza mwanamke hata mmoja, kwa kuwa majina saba yote yalikuwa ya wanaume. Nilimkuta akimenya ndizi. Nikamsomea karatasi yangu, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwana wa kaka yangu, umeandika mito, hukuandika chemchemi. Nani aliwazaa hao?"

Ndipo akanisimulia aliyosimuliwa na nyanya yake, yaani mama wa babu. Mama huyo alikuwa mtu wa Uru. Uru iko kati ya Kibosho na Moshi, na Sina na Rindi walipopigania ukubwa, fahali wawili walipigana na nyasi zikaumia. Nyumba yake ilichomwa moto. Mume wake aliuawa katika kihamba chake. Mateka wa vita vile wengi waliuzwa kwa misafara ya pwani, wala hawakuonekana tena. Mama huyo alijificha mfereji ukiwa mkavu, akalala humo na mwanawe mdogo, akiwa amemziba kinywa kwa mkono, hata usiku wa pili akavuka mto. Akafika kwa mtu asiyemjua, naye ndiye huyo wa sita katika karatasi yangu. Hakumwuliza ukoo wake. Alimpa jembe na pembe ya shamba, akakaa hapo miaka kadha kama mtu wa nyumbani.

"Na ile arusi ya mbuzi?" nikauliza.

Shangazi akacheka kidogo. "Ng'ombe walikufa, ni kweli. Lakini hata wangalikuwa hai, wangalipelekwa kwa nani? Hakuwa na baba wala kaka aliyebaki wa kupokea mahari. Mbuzi walichinjwa hapa hapa, wazee wa ukoo wakala, ili wamkubali yeye na mtoto. Wakasema tangu leo mtoto huyu ni wetu, wala mtu asilitaje tena jambo hili. Nao hawakulitaja. Ila baba yangu hakumsahau baba yake. Alificha jina lake mahali pawili: kwa mwanawe wa kwanza, na katika kitabu cha Mungu."

Nilirudi nyumbani usiku ule na daftari kwapani, nami nawaambia kweli kwamba niliogopa. Babu hakuwa damu ya yule mwinda tembo. Damu yetu ilikuwa ya mtu wa Uru ambaye kaburi lake hatulijui. Sisi tuliotaka kumfukuza mtoto wa mgeni kwa sababu ni mtu wa kuja, sisi wenyewe tulikuwa watu wa kuja. Tena jambo lilikuwa kubwa kuliko aibu. Yule ndugu mdogo wa babu, ambaye sisi twamwita babu mdogo, alikuwa hai. Yeye ndiye mwana wa damu. Kama ningeisoma karatasi yangu mbele ya watu, angeweza kusimama na kusema kwamba kihamba chote ni chake, nyumba na kahawa na kaburi la babu. Ningekuwa nimemvua baba yangu ardhi kwa kalamu aliyoninunulia yeye.

Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Njia ya kulikwepa ilikuwa rahisi: kunakili majina saba na kuchana zile kurasa nyingine. Hakuna aliyejua ila shangazi, naye alikuwa amenyamaza maisha yake yote. Lakini kila nilipoishika kalamu nilimwona yule mama katika mfereji mkavu. Nikaona kwamba nikiandika majina saba, nitakuwa nimeandika uwongo kwa mwandiko mzuri, tena kwa ajili ya kumfukuza mtu.

Basi nikamwambia baba. Hakunijibu neno. Aliinuka akaenda migombani, akakaa huko mpaka giza likaingia. Alipotoka alisema tu, "Waite wote. Na babu yako mdogo naye."

Wakaja. Nikasoma yote, miaka na majina, arusi na vita, kitabu cha ubatizo, na nyama. Nilipofika kwenye nyama, watu wote wakamgeukia yule mzee. Baba mdogo mmoja akasema kwa hasira, "Kijana huyu anatuvua nguo. Amesomeshwa ili atupotezee kihamba?" Pakawa kimya.

Babu mdogo akasema, "Nimelijua jambo hili tangu utotoni. Mama alinieleza nilipokuwa karibu kutahiriwa, akaniapisha. Wazee walionigawia nyama kwanza walilijua pia. Hiyo ndiyo ilikuwa kumbukumbu yao, wasije wakasahau. Lakini kaka yangu alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Tulichimba mfereji pamoja. Baba alipotugawia alisimama pale, akapanda isale, akasema huku kwa huyu na huku kwa huyu, wala hakusema huyu ni damu na huyu si damu. Mimi ni nani niling'oe isale la baba yangu?"

Kisha akamtazama baba yangu, akasema, "Na isale alilopanda kaka yangu kwa yule Mpare, nani ataling'oa?"

Hakuna aliyejibu. Asubuhi baba alikata jani la isale kutoka mpaka ule ule uliogombewa, akalishika mkononi, akaenda kwa jirani. Ninyi mlio Wachaga mwajua maana yake: mtu aletewapo isale na mwenye kuomba msamaha, ni vigumu sana kukataa. Jirani alikuwa amekwisha kusikia maneno ya baraza, naye hakuwa amelala vizuri kwa siku nyingi. Alilipokea jani kwa mikono miwili. Hawakusema maneno mengi. Shauri halikufika barazani.

Nisiwadanganye kwamba wote walifurahi. Yule baba mdogo aliyekasirika hakuja kula nyama nyumbani kwetu kwa muda mrefu, na mpaka alipokuja hakunisamehe mara moja. Alisema nimewapa maadui maneno. Namheshimu, maana hofu yake ilikuwa na sababu: ningalikuwa na babu mdogo mwenye moyo mwingine, habari zangu zingalikuwa na mwisho mwingine. Kwa hiyo sisemi kila jambo litangazwe njiani. Nasema liandikwe kweli, kisha wenyewe washauriane juu ya kulisema. Ukiandika uwongo, hata ukitaka kusema kweli baadaye hutaipata.

Sasa nitafupisha mashauri yangu, nanyi mchukue yafaayo.

Wazee wetu, semeni mngali na pumzi. Msiseme majina tu. Semeni nani alitoka wapi, nani alimpokea nani, nani alichimba mfereji upi, na masale yalipandwa mbele ya nani. Na lile ambalo ni gumu kusemwa, mwambieni mmoja mnayemwamini.

Walimu, wapeni watoto wakubwa kazi ya kuandika vizazi vinne vya nyumba zao. Waambieni wagawe karatasi pande mbili, upande wa baba na upande wa mama, wala wasiache upande wa mama mtupu. Sisi tulihesabu wanaume saba na kujiona tumekamilika. Na jambo lililotupa ardhi, jina na udugu lilikuwa kwa mwanamke mmoja asiyekuwa katika hesabu.

Vijana mnaojua kusoma, nendeni katika vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Angalieni majina ya wana wa kwanza. Angalieni nyama zigawanywavyo na kwa nini. Ziwekeni hadithi mbili za nyumbani kando kwa kando, na mzipime kwa miaka. Zikipingana, msiitupe mojawapo upesi. Mara nyingi kweli imelala katikati yake.

Na ninyi mnaoamua mashauri ya ardhi, mtu aletapo nasaba ndefu barazani, isikieni kwa heshima, kisha mwulizeni jambo moja zaidi: wa kwanza wenu alipofika hapa, alipokewa na nani? Sidhani kama kuna ukoo katika mlima huu usio na jibu la swali hilo, maana hata yule mwinda tembo wa Ukambani alikuwa mgeni siku moja.

Karatasi yetu nimeinakili upya. Ina majina saba ya kwanza, kama baba alivyoyataja, maana waliotupokea ni wazee wetu kweli kweli. Kando ya jina la sita nimeandika jina la mama wa Uru, na jina la mume wake aliyeuawa katika kihamba chake. Chini kabisa, kando ya jina la babu, baba aliniambia niongeze neno moja, nami nikaliandika kama alivyolitamka: "Huyu alimpa jirani pembe ya mashariki, naye akapanda isale."

Nimekoma hapo. Wasalaam.